Gia ya Meno Ishirini na Mawili

Jumatatu, 4 Februari

Kwa Mtunza Stoo,
Duka la Vipuri vya Mashine za Bustani

Jumanne tarehe 29 Januari, saa nne na robo asubuhi, nilipoteza gia ya trekta langu la kukatia nyasi, nikiwa makaburini, safu ya kumi na nne. Tangu siku hiyo nimepoteza pia siku sita za kazi. Nne nawasamehe, ni za mvunjiko wenyewe na za basi la vifurushi. Mbili ni zenu.

Nilikupigia simu siku ileile, nikakusomea namba iliyogongwa kwenye kibati chini ya kiti, tarakimu kumi na moja, polepole kama ninayemsomea mtoto. Ukasema umeipata. Gia ikafika Jumamosi, imefungwa vizuri kwenye gazeti, na ina meno kumi na tisa. Yangu ina ishirini na mawili, ukihesabu na visiki vya yale matano yaliyokatika. Hata mtu akihesabu huku anasinzia hawezi kukosa meno matatu.

Trekta hili nimelinunua mwenyewe, miaka kumi na saba iliyopita, baada ya miaka sita ya kufyeka kwa mkono. Hakuna aliyenichangia hata nati. Limekata makaburi, uwanja wa mpira na viwanja vya hospitali, na kile kilima cha makaburi linakipanda bila kulalamika. Giaboksi yake haijawahi kufunguliwa na mtu yeyote tangu itoke kiwandani. Hilo naweza kuapa, kwa hiyo usije ukaniambia eti kuna fundi alichanganya vitu.

Makaburi yana safu 112. Kwa fyekeo nakata safu tano kwa siku nikijikaza sana, na nikifika ya mwisho ya kwanza itakuwa imerudi magotini. Jumatatu tarehe 18 Machi mkaguzi anakuja kuamua kama kazi ile ibaki kwangu au iende kwa kampuni yenye mashine mpya tatu. Nahitaji gia sahihi. Pole ninazo za kutosha.

Mkata nyasi


Jumamosi, 9 Februari

Ndugu Mkata Nyasi,

Siku mbili nazikubali. Meno matatu siyakubali. Gia ya meno kumi na tisa ndiyo gia ya namba uliyonisomea. Nimefungua kitabu cha vipuri mara tatu, na mara ya tatu nilivaa miwani. Kwa hiyo ama kitabu kinadanganya, ama kibati, ama kuna jambo tusilolijua sote wawili.

Tuache simu. Mashine iliyozidi miaka kumi na tano siiulizii tena kwa simu, maana watu hunielezea kwa mikono na mikono yao siioni. Fanya hivi. Chukua gia iliyovunjika, panga vipande vyake vikae sawa, paka oili chafu upande mmoja, halafu uigandamize kwenye karatasi nyeupe kama unayepiga muhuri. Inua bila kuburuta. Nikilipata umbo lake nitaweka gia zangu juu ya karatasi hiyo moja moja, mpaka moja ikae. Baba yangu alikuwa fundi wa viwandani, ndiye aliyenifundisha, na mpaka leo haijaniangusha. Pamoja na karatasi, nitilie kwenye kopo kila kilichotoka pale gia ilipokuwa, hata kama unakiona takataka.

Mtu wa kukushikia karatasi mwambie asipumue.

Mtunza stoo


Jumatano, 13 Februari

Mama Stoo,

Muhuri wa kwanza uliharibika, wa pili ukateleza, wa tatu ndio huo. Mtu wa kushika karatasi sina. Niliishika kwa goti upande mmoja na kwa birika la chai upande wa pili, ndiyo maana pembeni unaona duara lisilo na meno. Hilo ni birika, usilitafutie kipuri.

Ndani ya kopo kuna gia katika vipande viwili, na meno manne kati ya yale matano. La tano limebaki makaburini na nadhani limepata kwake. Kuna pia ile pete ya chuma iliyokaa kati ya puli ya mkanda na mhimili wa giaboksi. Nimeipima kwa kalipa, kile kipimo cha kubana, mara mbili mbili: urefu milimita 34, ndani 16, nje 20 kasoro kidogo. Imepasuka sasa, lakini itazame ilivyotengenezwa. Miaka kumi na saba haijacheza hata kidogo. Hivyo ndivyo viwanda vilivyokuwa vikifanya kazi. Siku hizi wanatuuzia makopo.

Umegusia mtu wa kunishikia. Niliwahi kuwa naye, mdogo wangu wa tumbo moja. Tulifanya kazi pamoja miaka saba. Miaka minane iliyopita nikalazwa, nikapasuliwa, nikamwachia trekta na uwanja wa shule ya sekondari uliokuwa na mashindano Jumamosi ile. Siku nne hakukata hata jani. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Shule ikaita mtu mwingine na haikuniita tena. Nilipotoka hospitali nilimwambia kwamba mtu anayelala siku nne na afya yake, wakati mimi nina nyuzi kumi na mbili tumboni, akatafute pengine pa kulala. Akaondoka na begi moja. Tangu hapo mkanda nafunga mwenyewe, visu nabadilisha mwenyewe, na birika lile la vikombe sita nalichemshia kikombe kimoja.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Umeuliza.

Zimebaki siku 33.

Mkata nyasi


Jumanne, 19 Februari

Ndugu Mkata Nyasi,

Kaa kwanza ndipo usome, na kama umeshika kikombe kiweke chini.

Muhuri wako umekaa. Nilijaribu gia kumi na sita za kabati la mashine yako, hakuna hata moja. Nikahamia kabati la mashine nyingine, zile kubwa kidogo zinazotengenezwa kwa ajili ya miinuko, na ya kwanza niliyoishika ikalala juu ya karatasi yako meno yote ishirini na mawili. Hiyo si gia ya trekta lako. Giaboksi nzima si ya trekta lako. Kibati kinasema kweli, kitabu kinasema kweli, na wewe ulikuwa unasema kweli unayoijua. Kuna mtu aliitoa giaboksi ya kwanza, akaweka ya mashine nyingine, akaipaka rangi ileile, akanyamaza.

Na ile pete unayoisifia haijaona kiwanda. Ni bushi iliyochongwa kwa tupa kutoka kwenye kipande cha bomba, kwa sababu mhimili wa giaboksi hiyo ni mwembamba kuliko tundu la puli yako. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Mikwaruzo ya tupa imelalia upande ambao mkono wa kulia hauilazi. Baba yangu alitumia kushoto, nimekua naiona mikwaruzo ya namna hiyo. Aliyeichonga anatumia kushoto, na ana subira kuliko wateja wangu wote, wewe ukiwemo.

La pili ni gumu zaidi, lakini nikilificha utanunua gia nyingine uivunje. Gia hii haikufa kwa uzee. Imegeuka rangi, ina bluu kama ya shingo ya njiwa. Chuma hufanya hivyo kikisagana kikavu. Giaboksi kutofunguliwa si sifa, ndugu yangu. Ina oili ndani, na oili hiyo hubadilishwa.

Gia yako ninayo moja, ya mwisho, kiwanda kimeacha kuzitoa. Nimeitenga. Bushi haiuzwi popote, na vipimo ulivyonipa ni vya kitu kilichokwisha kulika. Ukimpa fundi mkereza vyuma namba hizo atakukerezea bushi mpya iliyochakaa. Mtafute aliyeichonga. Yeye ndiye anayejua ilikuwa na unene gani ilipoanza, na aliiingizaje.

Sikuulizi ni nani.

Mtunza stoo


Jumamosi, 23 Februari

Mdogo wangu,

Anwani nimepewa na shangazi, ambaye aliniuliza mara tatu kama kuna msiba. Hakuna msiba. Kuna giaboksi.

Nina maswali manne, nijibu kwa mpangilio. La kwanza, uliifungua giaboksi ya trekta langu? La pili, lini? La tatu, ile uliyoitoa iko wapi? La nne, bushi uliyoichonga ilikuwa na unene gani siku ulipoipachika, na uliipachikaje? Katika ukoo wetu mzima anayeshika kijiko kwa kushoto ni wewe peke yako, kwa hiyo ukikana la kwanza utakuwa umeharibu stempu.

Miaka yote hii nimewaambia watu giaboksi yangu haijaguswa. Nimemwambia mkaguzi, nimewaambia mafundi, nimemwapia mama mmoja wa stoo ambaye sasa ananijua kama mtu asiyejua alichokalia. Umenifanya mwongo juu ya kitu changu mwenyewe. Ungeniambia tu. Ulikuwa na mdomo.

Tarehe 18 Machi nakaguliwa. Mpaka leo nimefyeka safu 71 na za mwanzo zimesharudi. Asubuhi mkono wa kulia haufumbi ngumi mpaka niuloweke kwenye maji ya moto. Hilo si swali, nakuarifu tu.

Kaka yako


Jumamosi, 2 Machi

Kaka Rula,

Samahani, jina la zamani limenitoka mkononi. Shikamoo.

Naanza na maswali yako kwa mpangilio, maana nisipofanya hivyo hutasoma kinachofuata. La kwanza, ndiyo. La pili, Jumatatu hadi Alhamisi, wiki uliyolazwa. La tatu, niliizika nyuma ya banda, chini ya yale matofali yaliyobaki. La nne, bushi ilikuwa milimita 16 kamili ndani, na nje 20 na sehemu moja ya kumi, yaani kubwa kidogo kuliko tundu la puli. Usiigonge kwa nguvu. Ichemshe puli ndani ya oili, bushi iache baridi, kisha ipachike haraka na uipige kwa kipande cha mti mara moja. Puli ikipoa itaibana yenyewe.

Sasa yale ambayo hukuyapa namba.

Jumatatu ile saa moja asubuhi nilikuwa uwanja wa shule. Nilikata mistari miwili, giaboksi ikalia, ikasimama. Nikaenda kwenye kizibo cha oili. Kizibo kilikuwa bado na rangi ya kiwandani juu yake, kaka, haijabanduka hata kwenye kona. Miaka tisa. Ndani hakukuwa na oili, kulikuwa na unga mweusi. Najua hukufanya kwa uzembe. Ulikuwa unaogopa kukifungua kitu ulichokihangaikia miaka sita. Nilikuelewa palepale, nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi.

Mchana nilikuja hospitali nimeshaamua kukwambia. Nesi akanizuia mlangoni, akasema nisikuudhi, ukikohoa tu nyuzi zitaachia. Ukafumbua macho, ukasema, "Umekata?"

Nikasema, "Bado."

Jumanne ukauliza vilevile, na Jumatano, na Alhamisi. Kila nikitoka kwako nilirudi kwenye tupa. Giaboksi niliipata kwenye jalala la mashine mbovu nyuma ya gereji, nikaibeba mgongoni kilomita tano, sikuwa na usafiri. Matundu manne ya bolti niliyatanua kwa mkono. Bushi niliichonga mara tatu, mbili za kwanza niliziharibu. Giaboksi ikafungwa Alhamisi jua linazama. Ijumaa alfajiri nilikuwa uwanjani, nikamkuta mwenzetu mwingine ameshamaliza nusu.

Siku nne ulizihesabu vizuri sana. Hukuuliza zilikuwa na nini ndani.

Na mimi ningeweza kusema, hilo silikatai. Siku uliponifukuza jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini jibu lenyewe lilikuwa kwamba wewe ndiye uliyeiua. Nilikutazama umeshika tumbo, umeegemea lile trekta kama mtu na nduguye, nikaona afadhali unichukie mimi. Nilidhani utapoa baada ya mwezi. Nikasubiri mwezi, nikasubiri mwaka. Halafu nikapata kazi hii ya karakana ya chuo, nikaoa, nikapata mabinti wawili. Wanajua baba yao ana kaka anayepima kila kitu. Sura yake hawaijui.

Vipimo hivyo vinatosha. Mkereza vyuma yeyote atatengeneza kwa saa moja kilichonichukua siku mbili. Kwa hilo hunihitaji.

Mdogo wako


Jumatano, 6 Machi

Mama Stoo,

Tuma gia kwa basi la kesho. Wa mkono wa kushoto amepatikana. Weka na lita mbili za oili ya giaboksi, na uniandikie kwa herufi kubwa inabadilishwa kila baada ya saa ngapi za kazi, nibandike pale kwenye kibati ninapopaona kila nikiinua kiti.

Zile siku mbili nilizosema ni zenu hazikuwa zenu.

Mkata nyasi


Jumamosi, 9 Machi

Mdogo wangu,

Gia ilifika jana. Bushi imekerezwa kwa vipimo vyako, puli nimeichemsha kwenye sufuria yangu ya pekee, na imeingia kwa pigo moja. Kwa hiyo ujue kabisa kwamba sikuandikii kwa ajili ya bushi.

Nilihamisha matofali nyuma ya banda nikachimba. Iko pale. Niliifuta udongo, nikafungua kizibo kwa spana, na rangi ya kiwandani ikabanduka vipande mbele ya macho yangu, maana wewe baada ya kuchungulia ulikirudisha taratibu kana kwamba kuna mtu angekuja kukikagua. Unga mweusi bado umo. Nilikaa juu ya matofali mpaka mjane wa jirani akaniita juu ya ua kuuliza kama nimeanguka. Nikamwambia ndiyo, akacheka, akadhani natania.

Umesema sikuuliza. Ni kweli. Nimejipigia hesabu: miaka minane ni siku 2,922, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo nilikosa nafasi ya kuuliza. Nilikuwa nasema siku nne, siku nne, kwa kila aliyenipa sikio, na kilima kile cha makaburi nikikipanda kwa kazi ya mikono yako huku najisifu kwamba ni oili mpya ya injini. Nilikuwa nashangaa mbona trekta limepata nguvu tangu nitoke hospitali. Nilifikiri limenihurumia.

Neno lile la kulala nalifuta. Hukulala. Nimejaribu kuliandika vizuri zaidi ya hapo, hii ni karatasi ya nne, halikubali.

Sasa ya kazi. Giaboksi uliyoiweka wewe nimeshaitia gia mpya, nayo ina kilo 31. Kuirudisha kunataka watu wawili, mmoja amelala chini anakaza zile bolti nne, mwingine ameshika juu asitikisike. Wewe uliifanya peke yako na sijui ulifanyaje, utanieleza au hutanieleza. Hapa kwenye kona kuna wapagazi. Nikiinua kidole watakuja watatu. Sikuinua. Nimesafisha chumba chako. Godoro ni jipya. Mkija na mabinti na mama yao mtaenea, nimepima.

Usiniandikie "tutaona". Usiniandikie habari za chuo kuwa na kazi nyingi, wala usinijibu kwa kunitakia ukaguzi mwema. Sikuulizi kama umenisamehe, hilo litachukua muda wake na mimi siwezi kulipangia tarehe. Nauliza kimoja tu. Jumamosi tarehe 16, saa mbili asubuhi, nalala chini ya trekta. Utakuja kushika juu, au huji?

Barua hii naituma kwa basi, itakufikia Jumatatu. Basi hilohilo linarudi huku Ijumaa tarehe 15 na linaingia saa tisa na nusu. Uje nalo mwenyewe, au umpe dereva karatasi yenye neno moja. Nitakuwa stendi mpaka saa kumi kamili. Ndiyo au hapana?

Kaka yako